Jogoo wa Mzee Chibago

Salima alinipigia simu asubuhi, nikiwa nasahihisha madaftari ya darasa la nne, na hata hakunisalimu. "Nyemo, Kocha katutoka." Nikamuuliza kocha yupi. Swali la kijinga, maana katika maisha yangu kocha alikuwa mmoja tu: Mihayo, Mnyamwezi wa Tabora aliyehamia Dodoma ujanani akafundisha hesabu mchana na mpira wa kikapu jioni. Salima akasema msiba uko palepale nyumbani kwake Chang'ombe, mazishi ni kesho, nisikose. Nilipokata simu nilibaki na kalamu nyekundu mkononi na, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni hakikuwa huzuni. Ilikuwa hasira. Mzee huyu kafa bila kunijibu! Nilikuwa na swali moja kwake tangu usichana wangu, na kila tulipokutana, iwe sokoni au kanisani, nililimeza, nikasema shikamoo Kocha, naye akasema marahaba mwanangu, tukaachana. Swali lenyewe ni fupi. Kwa nini alinichagua mimi wa kwanza?

Habari za baba na mama nitaziruka; majirani zetu wa Kongwa walishawasema vya kutosha. Nianzie pale nilipomaliza kidato cha nne nikawa nasubiri matokeo, mrefu wa kuinama kwenye kila mlango, mwembamba, nisiyejua pa kuiweka mikono yangu. Mwaka ule timu za wasichana za Dodoma zilikuwa zinaibiana wachezaji mpaka ugomvi ukafika kwa wakubwa wa mchezo. Wakubwa wakaamua: wasichana wote wanaotaka kucheza wakusanywe ukumbini siku moja, makocha wapige kura nani aanze, kisha wachague mmoja mmoja kwa zamu. Walisema ndivyo wafanyavyo Wamarekani. Sisi tuliuita mnada. Na kweli ulikuwa mnada, ila hakuna aliyetufungua midomo kututazama meno. Mwalimu wetu wa michezo alinipeleka kwa ajili ya urefu tu. Mpira wenyewe nilikuwa nimeushika mara chache, na mara nyingi ulinitoroka.

Ukumbi ulikuwa na joto na harufu ya viatu vya raba. Tulikaa kwenye mabenchi ya ukutani, makocha wakakaa mbele kwenye meza yenye kitambaa cha kijani. Kila mtu alijua nani atachukuliwa wa kwanza: Grace, msichana wa mjini, ambaye asubuhi ile alikuwa amedunda mpira uwanjani huku anaongea na rafiki zake, bila kuutazama. Mimi nilijikunja pembeni. Kabla ya kura, kocha mmoja alikuja akakaa karibu nami, Mzee Chibago, Mgogo mwenzangu. Wakati ule hakuwa mzee, lakini tayari alikuwa anaitwa hivyo. Akaniamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akaniuliza mvua ya kwetu ikoje, kisha akasimama akatangaza kwa sauti ukumbi mzima usikie, "Huyu mrefu wa Kongwa ni wangu! Asiguswe!" Nilitamani ardhi inimeze. Kura ikapigwa, ikamwangukia Mihayo. Akanyanyuka polepole, akapandisha suruali, akatembea mpaka mbele ya Grace. Grace akaanza kuinuka. Mihayo akampita. Akaja mpaka kwangu kule pembeni, akaniwekea mkono begani.

Walicheka. Ndicho kitu ninachokikumbuka kuliko vyote. Kwanza kimya, halafu makocha wote wakapasuka kicheko, Chibago akipiga meza mpaka kitambaa kikateleza, Mihayo mwenyewe akicheka huku mkono wake ungali begani kwangu. "Haya, Mnyamwezi! Tutaonana!" Chibago akapaza sauti. Nikatazama viatu vyangu kama vina tope. Nikajipapasa nywele. Grace hakucheka, alinitazama tu, kama mtu anayesoma maandishi ya lugha asiyoijua. Zamu ya pili ilikuwa ya Chibago, akamchukua Grace upesi kabla mtu hajabadili mawazo. Nami nikatoka pale nikiwa chaguo la kwanza la mkoa mzima, bila kuelewa hata chembe.

Wasichana wa kutoka mbali tulilala kwa makocha. Nyumba ya Mihayo ilikuwa ya vyumba vilivyopangwa kuzunguka ua wa udongo uliofagiliwa vizuri, na haikuwa na dari, kwa hiyo maneno ya chumba kimoja yaliruka ukuta yakaanguka chumba kingine. Nililala chumba kimoja na Salima, Msandawe wa kutoka Chemba, mfupi, mwepesi, aliyechukuliwa wa mwisho kabisa baada ya makocha kuanza kukusanya karatasi zao. Alikuwa akiota usingizini anasema Kisandawe, na vile vidoko vya lugha yao, sauti za kugonganisha ulimi, vilinishtua kitandani mpaka nikavizoea. Mke wa Kocha, Mama Vero, alitupikia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za kusaga juu yake. Mimi niliyezoea uwele na mlenda nilikuwa natafuna michembe kama ng'ombe anayecheua, na Kocha ananitazama anasema, "Mwacheni Mgogo, hajawahi kuona chakula kisichoteleza." Nami nilikuwa na haki ya kumjibu, maana Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, lakini sikuthubutu. Mtu mzima, mwalimu, na ameniweka mbele ya wote! Nikainamisha kichwa nikatafuna. Mama Vero yeye shida yake ilikuwa kuku. "Kuku wangu wamekuwa wajane," alilalamika kila alipowamwagia pumba, "jogoo kachukuliwa mchana kweupe, halafu bwana huyu anacheka." Sikuuliza kachukuliwa na nani.

Jumapili ya kwanza, tumetoka kanisani, Salima anafua, Mzee Chibago akaingia getini na jogoo kwapani. Jogoo mwekundu, mkia mweusi. Mama Vero akapiga kigelegele. Wanaume wakasimama karibu na tangi la maji, wakataniana, wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Niliona Chibago akininyooshea mkono kidogo, mimi niliyekuwa kizingitini nikichambua mchele. Niliona Kocha akitikisa kichwa. Chibago akasema kitu kirefu. Kocha akaita, "Mama Vero, niletee kisu," na pale pale, kabla mgeni hajatoka, jogoo akachinjwa. Mama Vero alipiga kelele zikasikika mtaa wa pili. "Jogoo karudi sasa hivi tu! Sasa hivi! Una wazimu wewe?" Chibago akaondoka bila hata kungoja chakula, jambo ambalo halifanyiki, mtu kuchinjiwa kuku akaondoka.

Mchana tulikula wali na jogoo yule, nyama ngumu ya mzee wa boma. Kocha akachukua bakuli la mchuzi, akatafuta kwa kijiko mpaka akaipata firigisi, akaivusha mezani akaiweka kwenye sahani yangu. Kila mtu aliyekulia nyumba yenye kuku anajua firigisi ni ya nani. Ni ya baba mwenye nyumba. Mtoto akiigusa anapigwa. Mama Vero akaguna. Salima akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikasema, "Kocha, hii ni yako." Akasema, "Kula." Nikaila, na sijui ilikuwa na ladha gani. Baada ya chakula wakubwa wakaingia kupumzika, nasi tukalala chali kwenye vitanda vyetu tukisikiliza bati linavyolia kwa jua, na maneno yakaruka ukuta. "Mrudishe mtoto wa watu," Mama Vero alisema. "Simrudishi," Kocha akajibu. "Kila mtu anacheka." "Watachoka." Salima akanigeukia, macho makubwa. Tulielewa jambo moja tu: Mama Vero anataka nirudishwe Kongwa, kwa sababu ameshaona sifai. Na hata mazoezi hayajaanza!

Yalipoanza, kila mtu akaona. Nilicheza vibaya, jamani. Nasema hivyo bila unyenyekevu wa uongo. Pasi zilinipiga kifuani. Nikidunda mpira unagonga kidole cha mguu unakwenda zake. Nikiruka kuchukua mpira uliogonga ubao, naruka umeshashuka. Salima, yule wa mwisho, alikuwa anapita katikati ya watu kama panya wa ghalani, na mji mzima ukaanza kumjua kwa jina. Mimi walinijua kwa cheo. "Chaguo la kwanza!" walipiga kelele watu wa jukwaani kila niliposhika mpira, wengine wakigonga masufuria. "Chaguo la kwanza, rudi shambani!" Tulipokutana na timu ya Chibago, Grace alinifungia vikapu usoni, akanizunguka kushoto akanizunguka kulia, na mara moja tukiwa tumekaribiana akaniuliza taratibu, bila ubaya, "Hivi wewe, alikuona wapi ukicheza?" Nikamjibu ukweli: "Hajawahi kuniona." Akakunja uso, akaenda akafunga tena.

Na Kocha hakunitoa. Hapo ndipo kichwa changu kilipovurugika kabisa. Mchezaji mbovu huwekwa benchi, hilo hata mbuzi anajua. Mimi nilianza kila mchezo na kumaliza kila mchezo, na muda wote ni sauti yake ile ya puani kutoka pembeni: "Nyemo! Mikono juu!" Tunashambulia, mikono juu. Tunalinda, mikono juu. Nimeanguka, mikono juu. Salima alikuwa na maelezo mapya kila wiki. Mara Kocha aliniota ndotoni. Mara alinidhania binti mwingine. Mara ananiadhibu kwa kosa la ukoo wangu. "Au basi anakupenda tu kama mtoto wake," akasema siku moja tukianika nguo. Nikamwambia mtoto humtendi hivi. "Shida yako, Nyemo," Salima akasema, "unacheza kama unauomba mpira ruhusa." Nikamrushia sabuni. Lakini alisema kweli.

Siku moja baada ya kufungwa vibaya nilimfuata Kocha akiwa anakusanya mipira kwenye wavu. Nilikuwa nimelia, pua imevimba. Nikamwambia, "Kocha, niweke benchi. Nakuomba. Nimechoka kuchekwa." Akauliza, "Kocha nani hapa?" Nikasema wewe. "Basi kesho mikono juu." Nilitaka kumuuliza pale pale. Swali lilikuwa limefika mpaka kwenye meno. Akanipa wavu wa mipira niubebe, akatangulia. Nikabeba, nikamfuata, na mwisho wa msimu matokeo ya mtihani yakatoka, nikaenda chuo cha ualimu, na wavu ule wa mipira nahisi bado niko nao begani.

Nisiseme uongo kwamba mwaka ule uliniharibu. Wala nisiseme ulinijenga, kama wanavyopenda kusema watu kwenye mahafali. Sijui ulinifanya nini. Najua kwamba nimesimama mbele ya madarasa yenye watoto wengi kuliko madawati, na watoto wanacheka, na sikimbii. Najua pia kwamba kila nilipopewa jambo jema, kuwa mwalimu mkuu msaidizi, hata kuposwa na marehemu mume wangu, niligeuka nyuma kutazama nani anacheka. Mume wangu aliniuliza siku ile, "Unamtafuta nani?"

Basi nikaenda msibani. Dodoma ya sasa naiingia kama mgeni, mabarabara mapana, majengo ya vioo, lakini kule ndani Chang'ombe ua wa Mihayo ni uleule, ila tangi la maji limebadilishwa. Nikakaa mkekani na akina mama, Salima pembeni yangu, mnene sasa, bibi wa wajukuu, analia bila sauti. Tumekaa hivyo, mara getini ikasikika filimbi. Akaingia mzee mmoja amevaa suti ya mazoezi ya bluu ya marehemu, imemzidi, suruali anaishikilia kwa mkono, filimbi ya marehemu shingoni. Mzee Chibago. "Enyi Wanyamwezi!" akapaza sauti. "Mmebeba mizigo ya watu tangu enzi za babu zenu! Leo mpagazi kabebwa!" Ua mzima ukacheka, wafiwa nao, ndiyo kazi ya mtani msibani. Akaigiza marehemu anavyotembea, anavyopandisha suruali, anavyokula michembe. Mama Vero, aliyekaa ndani karibu na mlango, alicheka akashika mbavu, machozi yanamtoka.

"Na alikuwa mwizi!" Chibago akaendelea, sasa yuko katikati ya ua. "Mimi nilimchukulia jogoo wake. Haki yangu, mtani wangu. Naye akasema atanilipiza. Siku ya kuchagua wasichana nimejitangazia mrefu wangu wa Kongwa, kura ikamwangukia yeye. Grace alikuwa pale pale! Mchezaji kuliko wote! Akampita Grace, akaniibia mrefu wangu. Kwa ajili ya jogoo! Tulicheka tukataka kufa." Watu wakacheka tena. Mimi nikasikia masikio yanavuma. Salima akanishika goti. "Nikasema sawa, utani una desturi zake, kitu ulichochukuliwa unakomboa. Jumapili nikampelekea jogoo wake. Nikamwambia, shika jogoo, nipe binti wa kwetu, nami nakupa Grace. Grace! Akapokea jogoo. Akachinja! Mbele ya macho yangu, kabla sijafika getini! Jogoo akishakuwa mchuzi utamkomboa mtu kwa kitu gani? Nikamuuliza, we Mihayo, umerukwa na akili? Akanijibu..." Mzee akatazama chini, kwenye ile suruali ya bluu iliyomzidi. "Hakunijibu. Alikuwa ananyonyoa kuku."

Nilinyanyuka mkekani bila kujua nakwenda wapi, nikaingia ndani alipokaa Mama Vero. Shikamoo ilinitoka nusu. Nikamwambia, "Mama, ile firigisi." Akanitazama kwa muda, akanikumbuka, akanivuta nikakaa sakafuni karibu na miguu yake. "Nilimwambia akurudishe," akasema. "Grace yule, nani asiyemtaka? Akasema, 'Nilimchukua kwa utani. Nikimrudisha kwa utani atajiona utani maisha yake yote.'" Kumbe. Basi ni huruma, nikasema, alinionea huruma tu. Mama Vero akafuta macho kwa pembe ya kanga. "Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini kesho yake nikamkuta peke yake hapo mlangoni, anapima fremu kwa mikono, anajisemea, 'Yule mtoto ana mikono, ana mikono.' Sasa sijui, mwanangu. Huyu mtu nimekaa naye umri mzima na sijui."

Nilitoka nje nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Nilichaguliwa kwa mchezo wa watu wazima, kwa ajili ya kuku. Hilo linauma, msinidanganye kwamba haliumi. Halafu nikachaguliwa tena, Jumapili, kwa kisu, na aliyekuwa upande wa pili wa mizani ni Grace. Kwa huruma, au kwa mikono? Mtu anaweza kuishi na jibu lolote kati ya hayo mawili, lakini yote mawili kwa pamoja utayaweka wapi? Wakati nawaza hayo, jeneza likatolewa. Vijana wamelibeba mabegani wanaelekea getini kwenye gari, kwaya imeanza, na miguu yangu ikatangulia. Nikasimama katikati ya geti. Nikanyoosha mikono, mmoja nguzo hii, mmoja nguzo ile, na inafika, mikono yangu, inafika bila shida.

"Mimi ni Mgogo," nikasema. "Huyu ni mtani wangu. Hapiti mpaka anijibu."

Watu wakafurahi. Watani hufanya hivyo, huzuia maiti mpaka wapewe chochote. Shemeji mmoja wa marehemu akaja na noti anacheka, nikamwambia sitaki hela. Akadhani ni kidogo, akaongeza. "Sitaki hela yenu!" nikafoka, na kicheko kikapungua. Nililitazama lile sanduku lenye shada la maua ya plastiki. "Kocha," nikasema, "kwa nini mimi?" Kwaya ikanyamaza. Vijana chini ya jeneza wakawa wanahamisha uzito kutoka bega hadi bega. Hakuna aliyejua kama huu ni utani bado, hata mimi sikujua.

Ndipo filimbi ikalia nyuma yao, kali, na ikafuata ile sauti ya puani, sauti ya Mihayo mwenyewe, kutoka kwenye koo la Mzee Chibago:

"Nyemo! Mikono juu!"

Mikono ikapanda. Naapa sikuiambia. Ilitoka kwenye nguzo ikapanda yenyewe mpaka juu, vidole vimetanuka, na geti likawa wazi. Vijana wakainamisha vichwa wakapita na Kocha kando yangu, karibu sana, mbao zikanigusa nguo. Nikasikia gari likifunguliwa, likifungwa, likiondoka, na kwaya ikilifuata barabarani. Salima akaja akanishika kiuno. "Shusha sasa, Nyemo," akasema. "Ameshapita."

Sikushusha.